Jeti za kabureta: nambari moja, matundu mawili

Mwenye pikipiki ya zamani ya Kitaliano yenye kabureta ya Dell'Orto iliyochakaa huenda akaamua kuiondoa na kufunga Amal ya Kiingereza, ambayo hutengenezwa hadi leo. Jeti kuu ya kabureta ya zamani imepigwa chapa ya 110. Naye hununua Amal ya 110, huifunga, na kuingia barabara kuu. Injini ikipata moto huanza kupoteza nguvu, na asipotanabahi mapema, pistoni huyeyuka kichwani.

Kosa limo katika nambari. Dell'Orto huhesabu upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Kwao 110 ni milimita 1.10. Amal, jina lililozaliwa Birmingham mwaka 1927 kwa kuungana kwa watengenezaji watatu, huhesabu wingi wa mafuta yapitayo kwa dakika, kwa sentimita za ujazo. Tundu la Amal ya 110 ni jembamba kuliko milimita 1.10, hivyo petroli huwa haba na hewa huzidi. Safari ya kinyume huleta kioja kingine: Dell'Orto ya 200 mahali pa Amal ya 200 huifurikisha injini, ikatoa moshi mweusi na kukataa kwenda.

Wajapani nao hawakurahisisha mambo. Keihin hufuata upana. Mikuni ina mifumo miwili: kwa kawaida jeti yenye kichwa cha pembe sita huhesabiwa kwa wingi wa mafuta, na ile ya mviringo kwa upana. Hata matundu yenye upana sawa hayapitishi sawa, kwani urefu wa tundu na jinsi mdomo wake ulivyochongwa hubadili mkondo. Majedwali ya kulinganisha yapo, lakini hayafai kuwa zaidi ya mahali pa kuanzia. Aidha, kutoka 100 hadi 110 kwa upana si nyongeza ya asilimia 10. Eneo la tundu huongezeka kwa asilimia 21.

Fundi mwenye busara huanza na jeti kubwa kupita kiasi, akashuka hatua kwa hatua. Jeti kuu hutawala pale mkono unapovuta mafuta kuanzia robo tatu hadi mwisho, basi hujaribiwa hapo tu: pikipiki hukimbizwa kwa kasi kamili, injini huzimwa ghafla huku klachi imeshikwa, kisha plagi hufunguliwa. Masizi meusi ni mafuta mengi. Rangi ya kahawia hupendeza. Weupe ni onyo.

Mwinuko nao una neno. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa Nairobi ikiteremshwa pwani hupungukiwa mafuta, na ya mipigo miwili huumia zaidi, maana oili yake husafiri ndani ya petroli hiyo hiyo.

Kisha kuna waya. Jeti ni ya shaba laini, na ikichokorwa kwa waya wa chuma ili kuondoa uchafu, tundu hupanuka. Nambari 110 hubaki pale pale juu yake.