Kuchagua Masomo kwa Kuutazama Mlango wa Chuo Kikuu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Makole, Dodoma)



Twasema machache juu ya jambo limpasalo kila mwanachama mwenye mtoto shuleni: namna ya kuchagua masomo, ili mlango wa chuo kikuu usifungwe kabla mtoto hajaufikia.

Mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, Makerere nayo ilifunguliwa, ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Zama zile karani hakuwa na mengi ya kumchagulia mwanawe. Hata mwaka 1961, chuo kikuu kilipoanza Dar es Salaam, kilifundisha Sheria tu. Leo mambo ni mengine. Hapa Dodoma pana Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote vilivyoanza mwaka 2007. Tena mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. Nafasi zimezidi, na uzito wa kuchagua umezidi pamoja nazo.

Yafaa tuijue kanuni. Kwa atokaye kidato cha sita, chuo kikuu hudai kwa kawaida kufaulu masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E 1. Lakini huo ni mlango wa nje tu. Atakaye udaktari sharti afaulu Fizikia, Kemia na Bayolojia. Atakaye uhandisi hana budi awe na Hisabati na Fizikia. Mtoto mwenye A katika Historia, Jiografia na Kiswahili anastahili sifa, ila A hizo hazimpeleki kwenye udaktari.

Tena mlango huanza kufungwa mapema kuliko wazazi wengi wadhanivyo. Kwa mtaala uliotumika miaka mingi, mwanafunzi aingiapo kidato cha tatu aliweza kuacha Fizikia na Kemia. Aliyeyaacha masomo hayo kwa hofu, au kwa kuwa shule yake haikuwa na mwalimu, aliagana na udaktari siku ile ile, naye hajui. Hilo ndilo lituhuzunishalo.

Basi shauri letu ni kuhesabu kwa kurudi nyuma. Kwanza, mtoto na aseme kazi aipendayo. Pili, tusome kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, tuone masomo yanayodaiwa. Tatu, tutazame alama zake za kweli, wala si zile tuzitamanizo. Mtoto asukumwaye kwenye Fizikia, Kemia na Hisabati kwa fahari ya baba, naye Hisabati zamshinda, aweza kutoka bila hata hizo pointi 4. Nne, asiyejua bado atakalo, achague tahasusi yenye Hisabati, ikiwa aziweza, maana humwachia njia nyingi.

Na aliyekosa kidato cha tano asikate tamaa: stashahada nayo hufikisha chuo kikuu, ijapokuwa huongeza miaka.

Mabwana na mabibi, ofisini hatutii sahihi waraka tusiousoma. Fomu ya mtoto nayo ni waraka. Tuisome pamoja naye, tumwulize, tumsikilize, kisha yeye mwenyewe ashike kalamu.