Gharama na Usalama wa Kujifungua: Hesabu Inayopigwa Nyumbani Kabla ya Uchungu



Naomba nianze na jambo la kujivunia. Mwaka 2010 nusu ya watoto wa Tanzania walizaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Mwaka 2015/16 ilikuwa asilimia 63, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 81. Kati ya tafiti hizo mbili za mwisho, makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kina mama waliobaki nyumbani ni karibu mmoja kati ya watano, na leo nazungumza kwa ajili yao. Tumezoea kuwaita wakaidi. Mimi nasema wengi wao wamekaa na waume zao na mama wakwe zao wakapiga hesabu. Tukitaka hesabu hiyo ibadilike, tuisome kwanza.

Bure yenye gharama

Kwa mujibu wa sera, mjamzito hatozwi katika kituo cha serikali. Lakini fungueni mkoba anaoambiwa aje nao: doti za khanga, mpira wa kulalia, glovu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, beseni, sabuni, nguo za mtoto. Dawa ikiwa imekwisha stoo, ndugu anapewa karatasi aende duka la dawa. Bodaboda ya usiku haina bei ya mchana. Msindikizaji atahitaji kula na pa kulala, na huko nyumbani kuna watoto wa kupikiwa na shamba linalosubiri palizi.

Upande wa pili yupo mkunga wa jadi. Anafika kwa miguu, anapokea khanga au kuku, na akiambiwa asubiri mavuno anasubiri. Anamkanda mama, anampikia uji, hamfokei. Hili la mwisho tusilipuuze. Mama aliyetolewa maneno makali akiwa kwenye kitanda cha kujifungulia huliweka jambo hilo kwenye hesabu sawasawa na nauli, na wadogo zake nao wanaliweka.

Hesabu inapokosea

Familia hulinganisha bei ya uzazi uliokwenda vizuri huku na uzazi uliokwenda vizuri kule. Kwa uzazi wa namna hiyo nyumbani ni rahisi, hakuna ubishi. Ila takriban wajawazito 15 kati ya 100 hupata matatizo yanayohitaji msaada wa kitaalamu, na baadhi yao hawakuonyesha dalili yoyote kliniki. Aliyezaa salama mara nne anaweza kuvuja damu mara ya tano. Tena, kuzaa mara nyingi kunachosha mji wa mimba, ukashindwa kukaza baada ya mtoto kutoka.

Tuitazame damu hiyo kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoongoza kwa kuua. Ikifika mililita 500 baada ya kujifungua tayari ni hatari, na mama anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Nyumbani damu inazama kwenye khanga na kwenye sakafu ya udongo, hakuna anayeipima. Wazee wanasema ni uchafu unatoka. Mama anapoanza kuona kizunguzungu ndipo anatafutwa mume, mume anatafuta simu yenye salio, simu inatafuta pikipiki. Mgonjwa anayezimia anabanwa kati ya dereva na shemeji yake, kwenye barabara ya makorongo. Saa mbili zimekwisha kabla hawajafika.

Kituoni, sindano ya oksitosini inachomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, na dawa hiyo inatakiwa kutunzwa kwenye jokofu, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu. Damu ilikingwa kwenye mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo chini ya mama, na kiwango kilipovuka mstari, hatua zote za matibabu zilichukuliwa kwa mpigo. Kuvuja damu kwa kiwango cha kutisha kulipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki tu, na mtu anayejua la kufanya akiuona umejaa.

Dharura ikitokea nyumbani, fedha zilizookolewa hurudi kudaiwa usiku huohuo. Gari linakodiwa bila kupatana bei, mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa, ndugu wanatafutiwa nauli waje kutoa damu. Na mtoto aliyezaliwa bila kupumua hana muda wa kusubiri hayo: anahitaji kusaidiwa hewa katika dakika yake ya kwanza.

Mbona Uingereza wanazalia nyumbani? Swali hili huulizwa na vijana wetu waliosoma, na ni swali zuri. Utafiti mkubwa wa huko uliochapishwa 2011 ulifuatilia zaidi ya wanawake 64,000 wasio na dalili za hatari. Kwa waliokwisha kuzaa, nyumbani hakukuongeza hatari kwa mtoto, na gharama kwa serikali zilikuwa ndogo zaidi. Kwa uzazi wa kwanza, watoto waliopatwa na madhara makubwa walikuwa 9.3 kwa kila 1,000 nyumbani, dhidi ya 5.3 hospitalini, na mama 45 kati ya 100 walilazimika kuhamishwa. Nyumbani kwa Mwingereza huyo anakuja mkunga aliyesajiliwa na dawa zake, na gari la wagonjwa linaitika. Mama wa kijijini kwetu akibaki nyumbani anabaki na jirani na taa ya simu.

Kituo kipi?

Hapa nawageukia wenzangu wa afya. Kumwambia mama “nenda kituoni” hakutoshi. Zahanati yenye muuguzi mmoja, isiyo na damu wala chumba cha upasuaji, haimfai mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, au ambaye presha imeanza kupanda. Huyo aelekezwe mapema kwenye kituo chenye upasuaji, na kama ni mbali, akae kwenye nyumba ya kusubiria kabla ya wiki zake za mwisho kwisha. Mazungumzo hayo yafanyike mimba ikiwa bado changa, mume akiwepo. Mama akiweka shilingi 2,000 kwa wiki kwenye kikoba, baada ya wiki 20 ana 40,000 ya mkoba na nauli. Na kila kaya iijue namba 115 ya m-mama, inayopigwa bure kuita usafiri wa dharura wa mjamzito na mtoto mchanga.

Kuhusu faini, nitasema wazi. Baadhi ya vijiji vina sheria ndogo za kuwatoza waliojifungulia nyumbani. Siziungi mkono. Anayetozwa ni yule aliyekosa nauli, na akiiogopa faini atachelewa kumleta mtoto chanjo. Mkunga wa jadi naye anaanza kujificha, wakati tunamhitaji awe msindikizaji anayemshika mama mkono hadi mlangoni kwetu, na humo ndani tumruhusu akae naye.

Katika makundi ya mchana naomba kila kata ije na mambo matatu: bei halisi ya mkoba katika duka lenu, bei ya bodaboda ya saa nane usiku hadi kituo cha karibu chenye upasuaji, na jina la atakayelala na watoto mama akiondoka. Wenyeviti wa vijiji wasome majibu hayo kwa sauti mbele ya mganga mkuu wa wilaya, ili bajeti ya mwaka ujao ianzie hapo.