Nyumba Yenye Kuvu: Mpangaji Ana Haki Gani?



Mtoto akikohoa usiku kucha, huwa tunasema ni baridi. Hebu tuangalie ukuta nyuma ya kitanda. Yale madoa meusi ni kuvu. Huota penye unyevu, na vumbi lake huamsha pumu na kusumbua kifua.

Wengi wetu tukilalamika tunaambiwa, "Kama hupendi, hama." Basi tunanyamaza. Lakini Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inasema nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya ni kero, na mwenyewe anaweza kupewa ilani aitengeneze. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 43, inataja haki ya makao yanayofaa.

Sasa tufanyeje? Tufungue madirisha, tusianike nguo ndani. Lakini paa linalovuja haliponi kwa kufungua dirisha. Tumwandikie mwenye nyumba barua yenye tarehe, tubaki na nakala. Asipojibu, twende kwa Bwana Afya, majirani pamoja. Kodi tuendelee kulipa, maana deni litampa sababu ya kututoa.

Tukisoma Mambo ya Walawi, sura ya 14, nyumba yenye madoa ukutani ilikaguliwa na kuhani. Mawe mabaya yalitolewa, kuta zikakwanguliwa na kupakwa upya. Kazi ilianzia kwenye nyumba. Nasi tuanzie hapo.