Aogelee Kwanza, Mtungi Baadaye

(Mazungumzo ya ofisi ya miradi mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tumeombwa tueleze kwa nini fedha zilizotengwa kwa ajili ya kozi za uzamiaji zimebaki benki hadi robo hii, na kwa nini tunaomba ridhaa yenu tuzitumie kwa namna nyingine. Swali ni la haki. Tutalijibu bila kuficha, ingawa sehemu ya jibu inatuaibisha sisi wenyewe.

Mnakumbuka jambo hili lilivyoanza. Vijana wetu wa pwani walikuwa wakiona watalii wanapelekwa kwenye miamba ya matumbawe, na anayewaongoza chini ya maji mara nyingi si mtoto wa pale. Kijana mwenye cheti anaweza kutafuta kazi kwenye vituo vya Mafia, Unguja au Pemba. Kamati zikaleta majina, tukachagua vijana 12. Hatukuuliza kama wanajua kuogelea. Mtoto wa mvuvi ukimuuliza swali hilo atakucheka.

Siku ya kwanza ya mafunzo mwalimu hakugusa mtungi. Aliwataka waogelee mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote, bila kupimwa muda, kisha waelee dakika 10 bila kushika kitu chochote. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha cheti cha kwanza. Kati ya vijana 12, waliokimaliza walikuwa 5. Wale 7 si kwamba hawajui maji. Wanajua kuogelea kwa namna ya kwetu: kichwa juu, mikono inapiga kwa nguvu, kutoka chomboni hadi ufukweni, na ikifika mita 50 mtu amekwisha. Mmoja alisema kweli yake waziwazi, kwamba tangu utoto hajawahi kuelea bila mrengu wa ngalawa karibu yake.

Tulirudi nyumbani tukinung'unika. Baadhi yetu tulisema mwalimu ana makuu. Mtu aliyebeba hewa mgongoni, aliyevaa fulana inayojazwa hewa ili imwelee, na mapezi miguuni, anahitaji kuogelea kwa ajili gani? Swali hili tumeulizwa na kamati karibu zote, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Vifaa huharibika, na vinaweza kuharibika juu ya maji, si chini tu. Fulana inatoboka, mkanda wa risasi haufunguki, pezi linapotea. Boti inasukumwa na mkondo na wewe unabaki nyuma yake. Ninyi mnaijua bahari yetu: siku za maji mafu imetulia, siku za bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mlango wa mwamba unageuka mto. Mkondo wa noti 1 unamchukua mtu mita 30 kila dakika. Hakuna mzamiaji mwenye mtungi anayeushinda kwa muda mrefu. Anayejua kuogelea haushindani nao. Anaukata kwa upande, au anaelea na kungoja boti, kwa sababu anajua mwilini mwake kwamba anaweza kungoja.

Wazee wetu walisema mfa maji haachi kutapatapa. Mwalimu wa uzamiaji anaanzia hapohapo: amfundishe mtu asitapetape. Na jambo hili lina hesabu yake. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una hewa ya lita 2,400 hivi. Baa 50 za mwisho haziguswi, ni akiba, kwa hiyo zinabaki lita 1,800. Mtu aliyetulia huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye kina cha mita 20 mgandamizo ni mara 3 ya ule wa juu, hivyo lita 20 zinakuwa 60, na hewa yake inatosha dakika 30. Mtu huyohuyo akianza kuhangaika na kupiga miguu hovyo, anaweza kuvuta mara mbili, na dakika 30 zinakuwa 15. Mtungi ni uleule na bei ya kuujaza ni ileile. Kilichobadilika ni moyo wa mtu, na moyo huo haufundishwi darasani. Unapatikana kwa kuwa majini saa nyingi.

Kuna jambo lingine lililotushangaza. Tulidhani vijana wanaopiga mbizi kwa pumzi moja, wale wa mkuki, ndio wangekuwa hodari kuliko wote. Miguu yao kweli ilikuwa mizuri, wanapiga polepole kutoka nyongani. Lakini wao ndio waliomtia mwalimu hofu kubwa, kwa sababu wamezoea kubana pumzi. Anayezamia kwa pumzi aliyovuta juu anarudi na hewa ileile, haina madhara hayo. Anayevuta hewa ya mtungi kwenye mita 10, akaibana na kupanda, hewa hiyo itataka nafasi mara mbili kabla hajafika juu. Pafu halina nafasi hiyo. Linachanika, na mapovu yanaweza kuingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Hata kupanda mita chache tu kwa pafu lililojaa kunaweza kuleta balaa hilo. Kijana wa mkuki ana kazi ya kusahau kitu alichosifiwa nacho kijijini maisha yake yote.

Sasa tufike kwenye aibu yetu.

Kabla ya kozi kila kijana hujaza fomu ya afya. Inauliza kuhusu pumu, kifafa, moyo, shinikizo la damu, kisukari, masikio, upasuaji wa kifua, dawa anazotumia, na kwa wanawake kama ni mjamzito, maana mjamzito hazamii kabisa. Fomu zilitufikia zimechelewa. Nauli ilikuwa imeshalipwa. Tulikaa na vijana mchana mmoja, tukazijaza zote kwa saa moja, na kila mahali tukaweka «hapana». Tuliogopa kwamba «ndiyo» moja ingempotezea mtu nafasi, na nafasi ikipotea tutawaambia nini ninyi wafadhili?

Mmoja wa wale 5 waliofaulu kuogelea, na ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wenzake, alikuwa na pumu tangu utotoni. Alijua. Alinyamaza kwa sababu aliona tunataka anyamaze. Siku ya tatu baharini, kwenye mita 12 hivi, kifua kilimbana. Pumu ikibana, hewa inanaswa ndani ya pafu kama vile mtu amebana pumzi, hata kama anajitahidi kuitoa. Mwalimu alimshika, akampandisha polepole huku akimwonyesha kwa mkono atoe pumzi, atoe pumzi. Alipofika kwenye boti alipewa oksijeni. Alilazwa, akapona. Tunasema alipona, lakini ilikuwa bahati na mkono wa yule mwalimu, haikuwa kazi yetu hata kidogo.

Tulikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Mama yake alitukaribisha, akatuletea chai, kisha akasema, «Mbona hamkuniuliza mimi? Mimi ndiye niliyekesha naye.» Hatukuwa na jibu, na hadi leo hatuna.

Kinachouma zaidi ni kwamba «ndiyo» kwenye fomu ile haimfukuzi mtu. Inampeleka kwa daktari, basi. Daktari akimpima na kuona anafaa, anatia sahihi na kijana anaendelea. Wapo wenye kisukari au waliougua pumu zamani waliopimwa na kuruhusiwa. Wapo waliokatazwa pia, na kwa baadhi yao katazo hilo ndilo lililowaokoa.

Kwa kuwa tuna wafadhili hapa ambao hupenda kuzamia wakija likizo, mturuhusu neno dogo. Mwili ukiwa majini, damu ya miguu na mikono husogea kifuani, zaidi ya nusu lita, na moyo unaongezewa kazi kabla hata mtu hajapiga teke la kwanza. Kwa waliopita miaka 40, moyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazamiaji. Pimeni kabla ya safari. Na msizamie siku ya kuondoka: baada ya kuzamia mara kadhaa, subirini angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Wapo pia ndugu zetu wa majongoo bahari. Katika pwani yetu wanaume wamekuwa wakishuka kwa mitungi bila kufundishwa, mara nyingi kwa siku moja, na kupanda kwa haraka wanavyoweza. Kanuni ya vituo vingi ni kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika na kusimama kwenye mita 5 kwa dakika 3, ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke taratibu bila kufanya mapovu. Hao hawakuambiwa. Baadhi yao mnawaona wakitembelea fimbo na hawajafika miaka 40. Chemba za kutibu hali hiyo zinahesabika katika ukanda wetu wote, na ziko mbali. Tukitoa mafunzo nusunusu tutakuwa tunaongeza idadi ya fimbo.

Basi ombi letu ni hili. Cheti kinachompa kijana kazi ni kile cha kiongozi wa wazamiaji, si kile cha kwanza. Kwa cheti hicho, kwenye mfumo ulioenea zaidi, lazima awe na miaka 18, aogelee mita 400 bila mapezi, aelee dakika 15 na dakika 2 za mwisho mikono ikiwa juu ya maji, aogelee mita 800 kwa mapezi na miwani, na amvute mwenzake mita 100. Mita 400 anapewa alama kwa muda: chini ya dakika 6 na sekunde 30 anapata 5, akizidi dakika 13 anapata 1. Kijana wa mita 50 hawezi kufika huko kwa juma moja. Kwa miezi 6, mara tatu kwa wiki, anaweza.

Tunaomba fedha zilizobaki zilipe mwalimu wa kuogelea, mapezi, miwani, maboya na chakula cha vijana siku za mazoezi. Mafunzo yatafuata mwezi: siku za maji mafu baharini, siku za bamvua ndani ya hori. Wasichana watakuwa na kundi lao na mwalimu wa kike, na watavaa mavazi ya heshima wanayokubaliana na wazazi wao. Huko Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, kwa hiyo hilo si kizuizi. Yeyote wa kijiji, wa imani yoyote, anakaribishwa, hata asiye na nia ya kuzamia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Kuogelea kutamfaa hata atakayebaki kwenye ngalawa ya baba yake.

Kwenu wafadhili, mjue kwamba taarifa ijayo itakuwa na vyeti vichache. Huenda isiwe na hata kimoja. Mkiona hilo ni kushindwa, tuambieni leo kabla hatujatumia shilingi.

Yule kijana wa pumu aliruhusiwa na daktari kufanya kazi nchi kavu. Sasa anajaza mitungi, na kituo kinamwamini, kwa sababu hakuna anayeikagua hewa ya wenzake kwa makini kama yeye. Amekubali kuja mazoezini kushika kamba ya boya.

Fomu mpya za afya ziko mezani kwa katibu. Chukueni mbilimbili: moja ajaze kijana, nyingine ajaze mama au mlezi wake, wakiwa wamekaa mbalimbali. Zikirudi na majibu tofauti, tuiteni kabla ya kumwita kijana.