Wazee Wetu na Uchunguzi wa Ugonjwa wa Kusahau

Leo hatusemi juu ya malaria wala chanjo ya watoto. Tutasema juu ya kambo aliye nyumbani: anauliza neno moja mara tano asubuhi, anavaa viatu aende kazini kule mgodini, na kazi ile aliiacha zamani sana.

Jirani wanasema: «Huyu ni mulozi.» Wengine wanasema: «Ni uzee tu.» Yote mawili si kweli. Ni ugonjwa wa ubongo. Waganga wanauita demansi, na namna yake inayoonekana zaidi ni Alzheimer. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Basi wanachunguza, na kwa kuchunguza wanahitaji watu.

Lakini watu gani? Kwa miaka mingi walipima hasa wazee wa Ulaya na wa Marekani. Kisha, tangu mwaka 1992, waganga walifuata wazee wa Ibadan, kule Nigeria, pamoja na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Mwaka 2001 waliandika kwamba wagonjwa wapya wa Ibadan walikuwa wachache, karibu nusu ya wale wa Indianapolis. Jambo hilo lisingejulikana kama watu wa Ibadan wangefunga milango. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, walipima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi; mwaka 2013 walitangaza kwamba karibu 6 katika 100 wana ugonjwa huu. Na kwa Watanzania hao wakatengeneza kipimo kisichotaka kalamu: mzee anapanga njiti za kibiriti.

Kalamu! Mimi mwenyewe nilikosa hapo. Nilimpa mama mmoja mzee kalamu, nikamwambia kwa Kifaransa achore saa. Hakuchora. Nikaandika kwamba akili yake imepungua. Kumbe hajashika kalamu tangu azaliwe, na nyumbani anasema Kiluba. Jioni ile alinihesabia deni zote za wateja wake wa unga, kwa kichwa, franga kwa franga. Nilirudi kufuta maandiko yangu.

Hapa Kamalondo tuko Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wabemba, Walunda, Wachokwe. Kipimo cha lugha moja hakitoshi. Kule Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wamepima wazee wa Kongo na kuchukua damu yao. Ni mwanzo mzuri, lakini Kinshasa si Katanga.

Najua hofu ya damu. Mtu ananiuliza: «Mama, damu yetu inaenda wapi? Banaiuzisha?» Swali hilo si la ujinga. Huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 mpaka 1972, waganga wa serikali waliwatazama watu weusi wenye kaswende bila kuwaambia ugonjwa wao. Hata penisilini ilipopatikana, hawakuwapa. Basi mukiona watu wanakuja na karatasi, muwaulize: Mumetumwa na nani? Damu itawekwa wapi, miaka mingapi? Mukimkuta kambo mgonjwa, nani atamtunza? Na majibu yatarudi hapa kwa lugha gani? Asiyeweza kujibu, mumwambie arudi akiwa na majibu. Na mtu asiweke kidole kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa lugha yake.

Jambo moja linanisumbua zaidi. Mgonjwa akiisha kusahau sana, mtoto wake ndiye anayeitika kwa ajili yake. Hiyo inaruhusiwa. Lakini kambo akivuta mkono wake, akilia, basi amekataa, hata kama karatasi imetiwa sahihi. Mnamkumbuka Barzilai, mzee wa miaka 80. Mfalme Daudi alimwita waende Yerusalemu, naye akakataa. Daudi hakumlazimisha, alimbusu, akambariki, na mzee akarudi kwake.

Kama kambo wenu ameanza kupotea njia, mumlete lopitali sasa, bila kungoja watu wa uchunguzi. Aje pamoja na mtu anayelala naye nyumba moja, maana huyo ndiye anajua usiku unapitaje.