Vifaa vya Kuvaa vya Kufuatilia Mapigo ya Moyo: Nani Avalishwe Rungwe?



Nitasema mapema ninakoelekea: hapa Rungwe vifaa hivi vianze na wagonjwa tunaowajua tayari. Mwenye afya njema anayetaka kujua moyo wake unapigaje anaweza kusubiri.

Mwaka 1949 Norman Holter wa Montana, Marekani, alionyesha kifaa cha kunasa umeme wa moyo wa mtu anayetembea. Kilibebwa mgongoni, kilo 38. Leo kazi hiyo inafanywa na kiraka kinachobandikwa kifuani. Saa janja nyingi ni jambo jingine: humulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kufuatilia damu inavyojaa na kupungua mishipani. Huko ni kukisia umeme wa moyo kwa kutazama damu. Mkono unaochuma chai Katumba hautulii, na asubuhi za Juni na Julai baridi yetu hubana mishipa ya mkono. Kwa hali hizo saa hukosa cha kusoma.

Utafiti wa saa ya Apple uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha watu 419,297. Walioonywa na saa walikuwa asilimia 0.52. Miongoni mwa walioonywa wakavaa kiraka na kukirudisha, asilimia 34 ndio waliokutwa na mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, ule unaogandisha damu na kuleta kiharusi. Waliobaki si lazima saa iliwadanganya, kwani tatizo hili huja na kuondoka.

Hapa Tanzania, utafiti wa wilayani Hai uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, wazee 2,232 wa miaka 70 na kuendelea, ukawakuta 15 tu wenye tatizo hilo. ECG ya mara moja hukosa wanaopatwa na kuachwa, lakini hata hivyo idadi hiyo hainishawishi tuwagawie wazee wote saa.

Wanaonitia hofu zaidi ni vijana. Mtoto huugua koo, hatibiwi vizuri, homa ya baridi yabisi inakula vali za moyo kimyakimya, na akifika miaka thelathini, pengine ni mama mjamzito, mapigo yanavurugika. Hawa ndio wa kuvalishwa kiraka. Wawemo pia waliopata kiharusi kisichojulikana chanzo, na wale wanaozimia au moyo kwenda mbio nyumbani, kisha wakifika kwetu ECG inatoka safi.

Sasa tuseme tumegundua. Utafiti wa mwaka 2022 wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye vali zilizoharibiwa hivyo, Afrika na mabara mengine, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, dawa mpya isiyodai vipimo vya mara kwa mara. Kwa hiyo tunarudi kwenye warfarini, na warfarini bila INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ni hatari: ikizidi mtu anavuja damu, ikipungua damu inaganda. Mgonjwa wa Lwangwa akitumwa Mbeya kila mara, wakati wa mvua hizi zetu, ataacha dawa. Tena lazima aelezwe habari ya mboga za majani, kwani hubadili nguvu ya dawa hii: asiziache, ila asile kidogo wiki hii na sufuria zima wiki ijayo.

Ndiyo maana mashine ndogo ya INR ninaiweka mbele ya kiraka katika maombi yetu ya bajeti. Kiraka kije na jibu la swali moja: nani ataisoma taarifa yake, hapa, Hospitali ya Rufaa Mbeya au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kwa siku ngapi? Wakati tunasubiri, kliniki ya presha ishike mkono wa kila mgonjwa dakika nzima kuhisi mapigo. Mashine nyingi za presha hutoa namba bila kusema kama mapigo yanaruka.

Na anayekuja na saa iliyomwonya asichekwe, wala asianzishiwe dawa papo hapo. Apimwe mapigo kwa kidole, presha, kisha ECG. Ikitoka safi na hana dalili, apewe tarehe ya kurudi, na aelekezwe kuisoma saa akiwa ameketi, mkono una joto, kabla hajaenda shambani.