Mifumo Miwili Katika Laptopu Moja ya Kikundi

(Mazungumzo na waandishi na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme juu ya laptopu zenu, zile mlizopokea zikiwa zimeshatumika na wengine. Swali linaloletwa ofisini ni lile lile: kompyuta inatuambia imepitwa na wakati, je, tuchange pesa tununue nyingine? Jibu langu ni kwamba msichange bado.

Ndani ya kila kompyuta mna mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayoamsha mashine na kuzisimamia programu nyingine zote. Laptopu zenu nyingi zina Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza mfumo huo, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muda. Mashine haikuzimika siku hiyo, la. Lakini nyufa mpya zikionekana hazizibwi tena, na wezi wa mtandaoni hupitia hapo hapo. Nayo Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 haizitambui. Ndipo laptopu nzima, yenye kioo kizuri na kibodi nzuri, inaitwa takataka.

Upo mfumo mwingine, Linux. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Ni wa bure, na sheria yake inakuruhusu kuunakili na kumpa jirani. Aina zake ni nyingi mno, msihangaike nazo. Mimi hupendekeza Linux Mint, maanake aliyezoea Windows hapotei. Unataka memori ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazofaa, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Ninyi tengeni hata 50. Mashine za zamani sana, zile za biti 32, haziwezi kuendesha toleo la sasa.

Mtaniuliza, mbona tusiifute Windows kabisa? Kwa sababu huenda mweka hazina ana programu ya hesabu ambayo haifanyi kazi kwingine, au printa yenu ni ya kuchagua. Mifumo miwili ikikaa pamoja, kila mmoja na sehemu yake ya diski, mtu anachagua anapowasha. Kazi ya intaneti ifanyieni Linux, na ile programu ya zamani iacheni upande wa Windows bila kuiunganisha na mtandao.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kabla ya kugusa chochote, nakilini daftari zote za kikundi: orodha ya wanachama, akiba, mikopo, kumbukumbu za mikutano, picha. Ziwekeni kwenye diski ya nje au flashi, kisha fungueni faili mbili tatu kwenye kompyuta nyingine mhakikishe zinasoma. Nakala ambayo haijafunguliwa msiihesabu. Kazi hii isifanywe na mtu mmoja pekee. Mwandishi na mweka hazina wakae pamoja. Hesabu za watu 30 zikipotea, hata fundi akirudisha mashine, imani ya wanachama hairudi upesi.

Pili, tazameni kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, izimeni kwanza, la sivyo Windows inaweza kuwadai ufunguo wa tarakimu 48 ambao hakuna anayeujua. Zimeni pia ile njia ya Windows ya kuwaka haraka, maana huiacha diski kama mlango uliorudishwa tu. Halafu, ndani ya Windows yenyewe, punguzeni sehemu yake ili pabaki nafasi tupu.

Faili ya Linux Mint ni karibu GB 3. Basi kikundi kimoja kipakue, vingine vinakili. Hakuna haja kila mtu ale bando lake. Iandikwe kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus. Kuburuta faili tu na kuiacha kwenye flashi hakusaidii.

Washeni laptopu flashi ikiwa imechomekwa, mkibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kubadili chochote ndani. Hapo msiwe na haraka. Jaribuni Wi-Fi, sauti, printa. Fungueni ile hesabu ya Excel kwa LibreOffice, na taarifa ya M-Pesa iliyofungwa kwa namba ya siri. Kama Wi-Fi imekataa, ni afadhali mjue sasa kabla hamjaanza.

Mkiridhika, chomekeni chaja, maana umeme ukikatika katikati na betri imechoka, ni hasara. Bonyezeni alama ya kuweka mfumo. Itafika mahali pa kuchagua. Yale maneno "Install Linux Mint alongside" ndiyo yenu: weka kando ya uliopo. Yanayoanza na "Erase disk" hufuta kila kitu, Windows na daftari pamoja. Mtu mmoja asome kwa sauti, mwingine aangalie, ndipo wabonyeze.

Ikimalizika, kila mkiwasha mtaona orodha ya mifumo miwili, na msipochagua kwa sekunde chache, Mint itaingia yenyewe. Saa ya Windows huenda ikaonyesha masaa matatu nyuma. Mafaili hayajaguswa, na hiyo hurekebishwa kwa amri moja upande wa Linux.

Walio tayari waje na laptopu, chaja, flashi mbili, na mweka hazina wao. Asiyekuja na nakala ya daftari tutaanza naye kwenye kunakili.